Nilikuwa Pua ya Masika

Nimeacha kazi. Nina miaka kumi na sita, niko mwaka wa nne sekondari, na tangu mwezi uliopita mimi ni mzee aliyepumzika. Hakuna aliyenipa saa ya mkono. Hakuna hotuba, hakuna soda. Mwalimu wetu wa Kifaransa alituambia kwamba mtu akimaliza kazi anaandika anachokumbuka, ili wanaokuja nyuma wasianguke katika shimo lile lile. Yeye mwenyewe hajaandika kitu, mais ushauri ulikuwa mzuri.

Donc hii ni yenu, wadogo zangu mnaouza esanse ya pikipiki kwa chupa pale Butembo inapoanza kuteremka kuelekea Beni. Nimewaona. Mna meza mpya, mna antonuari mpya ya plastiki ya kumiminia, na mnanyonya mpira kama watu wanaokunywa pombe ya kasiksi kwenye harusi. Hamjui kitu. Mimi pia sikujua kitu, lakini nilikuwa na Masika wa kunifundisha. Masika hayupo tena, na sababu moja ya kutokuwepo kwake ni mimi. Nitafika huko. Mniruhusu nisikimbie.

Habari ya kupandishwa cheo itakuwa fupi: nilianza nikishika antonuari na nikamaliza nikishika antonuari. Habari ya mshahara ni fupi zaidi.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yangu anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni na anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Waprotestanti. Siku hiyo alinishika mkono akanipeleka kwa jirani yetu Masika. Alikuwa mjane, Mkatoliki, mwembamba kama ufito wa maharagwe, na alikuwa na sauti ya kusimamisha camion ya mizigo iliyo mlima wa pili. Mumewe alikuwa fundi wa camion. Alikufa kwenye njia ya kusini mwanzoni mwa vita. Alimwachia bidoni mbili za mafuta, mpira mmoja wa kuyavutia na antonuari ya bati.

"Huyu mutoto anajua nini?" Masika akauliza.

"Anajua kuchekesha batu," mama akajibu, kwa aibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa familia.

"Hiyo hainyonye esanse. Lakini umuache, tutaona."

Aliniweka mbele ya bidoni. Unaingiza ncha moja ya mpira ndani, ncha nyingine unaiweka mdomoni, unavuta. Ukisikia baridi inapanda ndani ya mpira, unautoa mdomoni haraka na kuuelekeza kwenye chupa. Kazi yote imelala ndani ya neno "haraka." Mimi nilikuwa nataka kwanza kusema kitu cha kuchekesha. Esanse ikanifika kooni, puani, machoni, na nadhani kidogo ilipita hadi kwa babu zangu.

Masika alicheka mpaka akashika meza. "Ulikula chakula ya asubuhi?"

"Bado," nikasema, nikilia.

"Basi umeisha kula."

Watu watawaambia mnywe maziwa mkimeza esanse. Hakuna mtu aliyewahi kutuletea hayo maziwa. Mteme, msuuze mdomo, mnyamaze saa nzima. Mimi, kunyamaza ndiko kuliniumiza zaidi.

Sheria ya njia yetu haikuandikwa na serikali yoyote. Bidoni ya manjano ni esanse, ya pikipiki na magari madogo. Bidoni ya bluu ni petroli, ndiyo mafuta ya taa na ya reshu, jiko la kupikia. Mazutu ya camion na ya mashine za kusaga inakaa ndani ya mapipa kwa watu wazito, sisi haituhusu. Manjano na bluu: hata mtoto wa shule ya msingi alijua, hata askari aliyekuja jana.

Tena mjue kupima, kwa sababu wauzaji wa jumla ni Wakristo kama sisi, yaani wanachanganya. Dondosha tone moja juu ya karatasi na uhesabu polepole mpaka ishirini. Esanse inaruka, karatasi inabaki kama vile hakuna kilichopita. Petroli inakaa, inaacha doa. Daftari langu la jiografia la mwaka ule lina madoa mengi kuliko nchi.

Lakini chombo cha kwanza ni pua, na hapo ndipo nilipata kazi yangu ya kweli. Masika alikuwa amenyonya mpira miaka mingi, tangu mumewe akiwa hai, na pua yake ilikuwa imekufa. Hakusikia harufu ya maharagwe yanayoungua. Hakusikia choo cha baa ya jirani, na tulikubaliana kwamba hiyo ni neema. Mwezi wangu wa pili alinipa cheo, kile kimoja tu nilichowahi kupata: "We Kakule, kuanzia leo weye njo pua yangu."

Basi kila asubuhi kabla ya shule nilipita pale. Nilifungua kila bidoni, nikanusa, nikasema "manjano ni manjano, bluu ni bluu," nikajaza reshu yake petroli, nikawasha, nikaweka maji ya chai. Yeye alikunywa chai, mimi nikaenda kuchelewa. Miaka mitatu na nusu. Nilikosa mara moja.

Sasa niwaambie Masika alifanya kazi kwa sababu gani. Alikuwa na binti, Kavira. Alimwacha Luofu, kwao kusini, kwa mama yake mzazi, mtoto akiwa na mwaka mmoja, ili aje kuanza biashara Butembo na kumchukua baada ya miezi michache. Vita ikakaa kati. Njia ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Ilipofunguka, nauli ya camion ilikuwa imepanda kwa sababu mazutu imepanda. Masika akaweka akiba mpaka akafikia nauli. Nauli ikaruka mbele. Akaifukuza tena, ikaruka tena. Kavira akafikisha miaka sita akiwa hamjui mama yake isipokuwa kwa salamu ambazo madereva walimpelekea.

"Kakule," aliniambia siku moja, anapangusa chupa, "mu Butembo yote, mimi njo muuzaji moja tu wa esanse mwenye anaomba Mungu bei ishuke. Padri akisikia, atacheka mpaka mbele ya altare."

Na bei ilipanda. Mafuta yetu yanatoka mbali kuliko ndoto: yanavuka Uganda, yanaingia Kasindi, na kila bariyeri njiani ina askari mwenye kiu, na kiu yake inawekwa juu ya bei. Nilipoanza kazi, chupa ilikuwa bei ya mayai mawili. Mwaka wa tatu chupa ilikuwa bei ya kuku. Si kifaranga, nasema kuku mzima, mwenye mambo yake.

Kwenye meza yetu kulikuwa na bunge. Wamotari walisimama pale, wameegemea pikipiki zisizo na kitu ndani, wakabishana. Wengine walisema watu wa kawaida wanaweza kuishusha bei kwa kukataa kununua. Wengine walisema hapana, hiyo ni kazi ya serikali, raia anaweza tu kuchoka. Mwezi ule wa mvua kila upande ulipata nafasi yake, na mimi niliona yote mawili nikiwa nimeshika antonuari. Nitawapa jibu sasa hivi: inawezekana. Wote wawili wanaweza. Lakini bei ni kama mti unaoukata karibu na nyumba. Kabla ya kupiga shoka ulizeni nani amelala upande ule.

Raia walianza. Kiongozi wa wamotari aliitwa Kasereka, mtu wa kifua kikubwa na miguu mifupi, tulimwita Président. Alipanda juu ya meza yetu bila kuomba ruhusa.

"Batu ya Butembo! Siye njo tunanunua. Kama hatununui wiki moja, bale bakubwa batafanya nini na esanse yao? Batatia mu chai?"

Watu wakapiga kelele. Mimi nikamwomba Président ashuke, meza ina mguu mmoja wa mkopo. Masika ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja biashara, yeye muuzaji. Alifunika bidoni kwa gunia.

"Yaya, wiki nzima tutakula nini?" nikamuuliza. Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo nilivyomwita.

"Mboga ya lengalenga. Na kesho yake, lengalenga ya jana. Kama bei inashuka, mimi niko naenda Luofu. Funika ile ingine."

Mji ukatembea kwa miguu. Butembo ni milima. Mungu alipoiumba hakufikiria mgomo. Tuliona wafanyabiashara wenye matumbo wakipanda mlima wa sokoni, wanasimama kila hatua kumi kana kwamba wanapenda mandhari. Wamama waliacha mashine ya kusaga wakatwanga mihogo kwa mkono. Siku ya nne, amini usiamini, wauzaji wa jumla walishusha: chupa ikawa bei ya mayai sita. Masika alihesabu kwa vidole, midomo inacheza.

Siku ya tano asubuhi mtu alinigusa bega kutokea nyuma ya kibanda. Alikuwa Président, na chupa mbili tupu ndani ya koti.

"Kakule, unijazie. Polepole."

"Président! Weye tena?"

"Nyamaza, mutoto. Kuko mutu wa kupeleka Beni, baba yake amekufa, analipa vizuri. Mufu hangoji bei."

Sikucheka, na hilo tu liwaonyeshe mambo yalikuwaje. Kwa sababu baada yake akaja mwingine, mke wake ana uchungu. Akaja mwalimu, ana barua ya kupeleka. Akaja shemasi wa kanisa letu, na sababu yake alisema ni ya kiroho. Wote kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na kilio chake, na vyote vilikuwa vya kweli. Masika aliwajazia wote. Wale wakubwa nao hawakufanya kitu. Waliacha tu camion zao za mafuta zikae Kasindi, mpakani, wakalala. Wao walikuwa na godoro, sisi tulikuwa na miguu. Jumatatu chupa ilikuwa kuku tena, na jogoo wake.

Masika aliacha meza. Alikwenda kukaa juu ya bidoni, akaangalia camion ya kusini inapita imejaa watu juu ya mizigo, akaangalia mpaka ikapotea nyuma ya mlima.

Ndipo zamu ya serikali ikafika. Kwa sababu ya vita tulikuwa na serikali nyingi kuliko madaraja: moja Kinshasa, moja Goma, na moja ya kwetu pale Beni, na hakuna hata moja iliyokuwa na kisima cha mafuta. Ile ya Beni ilitoa amri. Ilisomwa kwenye redio na ikabandikwa kwenye kila bariyeri: esanse na mazutu, bei nusu, nauli za camion, nusu, atakayeuza zaidi, bidoni zake zitachukuliwa na mgongo wake utajua. Siku ile watu walicheza njiani. Masika alicheza, na mimi nikacheza nyuma yake namwigiza, na akanipiga kwa kitambaa cha kuchujia.

Saa nne asubuhi ya kesho yake hapakuwa na esanse. Barabara nzima watu walikuwa wanauza ndizi. Nani atauza nusu bei kitu alichonunua bei nzima? Bidoni za manjano ziliingia chini ya vitanda, ndani ya mashamba ya kahawa, moja iliingia ndani ya kaburi ambalo lilikuwa bado linangoja mwenyewe. Masika alikuwa na bidoni mbili zilizojaa, zote za bei ya kuku. Humo ndani ndimo ilimokuwa nauli yake ya Luofu. Akiziuza kwa amri, amepoteza. Akizificha, hapati kitu. Askari walipita kila siku wakitafuta manjano.

Alisoma ile karatasi ya amri mara tatu, kidole chini ya kila neno. Mimi nilisoma mara moja, na nikaona kitu.

"Yaya, hapa hakuna petroli."

"Nini?"

"Banaandika esanse, banaandika mazutu. Petroli ya taa hapana. Mwenye aliandika hakumbuki kama batu maskini nabo banunuaka mafuta." Nikaona anaanza kusikiliza, na mimi mtu akinisikiliza ninakuwa hatari. Nikapanda juu ya kiti, nikainua mkono kama mchungaji wetu. "Mama Esanse, unakubali kuacha rangi ya manjano na kazi zake zote? Basi ninakubatiza! Na siye Waprotestanti hatunyunyize, tunazamisha."

Masika alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. "Banabluu iko ngapi kwetu?"

"Tatu. Moja njo iko na petroli ya kweli. Mbili iko bure, haina kitu."

Tulihamisha esanse yote ndani ya bidoni mbili za bluu. Wamotari tuliwaambia waombe "petroli ya pikipiki." Walielewa mara moja, wakalipa bei ya zamani bila kunung'unika, kwa sababu afadhali kuku kuliko ndizi. Baada ya siku tatu barabara nzima ilikuwa ya bluu. Wote walitumia hila yangu. Wauzaji wazee walinisalimia. Ninawaambia ukweli, katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuwa na furaha kama wiki ile, na ningependa kumkamata yule mtoto juu ya kiti na kumziba mdomo.

Ya kweli ilikuwa ya kwanza kushoto. Zilizobatizwa zilikuwa mbili za kulia. Hatukuweka alama, kwa sababu alama askari angeiona. Alama ilikuwa pua yangu, na mpangilio.

Na mjue, amri ilifanya kazi. Ninasema hili kwa sababu mwalimu alisema tuandike hata yale yanayotukera. Tajiri mmoja wa mazutu aliogopa, akafungua mapipa yake, na nauli za camion zikashuka kweli, nusu. Papa Mbusa, dereva wa camion ya kusini, mzee mwenye koti la ngozi lisilovuliwa hata kanisani, alikuja kwenye meza yetu.

"Masika, Alhamisi. Nafasi iko, juu ya magunia ya chumvi, karibu na kabini. Unaenda ao unaendelea kunituma salamu?"

Masika alikuwa amepata pesa kwa bei ya zamani ya esanse na alikuwa analipa nauli kwa bei mpya. Alilipa pale pale. Halafu akakaa juu ya bidoni, akajifunika uso kwa kitenge, na Papa Mbusa akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Jumanne alasiri askari wawili walipita. Mmoja aliuliza kwa Lingala, "Oyo nini?" akipiga bidoni kwa buti.

"Petroli, chef. Ya taa," Masika akasema.

Akafungua moja, akanusa, akakunja uso. Pale kwetu hata mkate ulinuka esanse, angejua nini? Walizitoa zote tatu, wakatazama nyuma ya kibanda, chini ya meza, ndani ya sufuria. Hawakuona manjano. Wakaenda. Masika akazirudisha mahali pake, moja, mbili, tatu, na sisi wawili tukacheka kimya, mikono mdomoni.

Nilifikiri: nizinuse tena. Halafu nikafikiri: kesho asubuhi, kama kawaida.

Kesho asubuhi sikupita. Shuleni nilikuwa nimeanza kumwigiza mkubwa wa Beni anayesoma amri, na tumbo la daftari chini ya shati, na wenzangu walikuwa wameniomba nije mapema kabla ya kengele nirudie kwa wale wa mwaka wa tano. Wa mwaka wa tano! Nilikimbia moja kwa moja. Niliigiza vizuri. Nilikuwa katikati ya "atakayepandisha bei, mgongo wake utajua" wakati moshi mweusi ulipopanda upande wa njia ya Beni. Mtu akauliza ni nini. Nikasema, kwa ile sauti ya mkubwa, kwamba raia wanachoma amri yangu.

Walicheka sana. Ninawaandikia hili kwa sababu sijamwambia mtu.

Masika alikuwa ameningoja kidogo, halafu akajaza reshu mwenyewe. Alichukua bidoni ya kwanza kushoto. Kama angekuwa na pua, kifuniko kingemwambia kwamba ni esanse kabla hajainamisha. Muuza ndizi wa jirani ndiye aliyemfunika kwa gunia lenye maji, na wamotari, Président akiwa wa kwanza, wakamchukua mpaka hospitali. Kwa pikipiki. Kwa esanse yetu.

Nilimwona Alhamisi. Walikuwa wamemfunga vitambaa mikono na kifua, na uso ulikuwa umebaki macho tu. Mama yangu alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko.

"Kakule, leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Yaya."

"Camion imeenda?"

"Bado. Papa Mbusa anangoja muzigo ijae."

"Hm. Ile camion inangojaka kuliko bikira." Akapumua. "Nani iko naangalia banabidoni?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa kooni, baridi, kama siku ya kwanza, na kazi yote ilikuwa kulitoa haraka. Nilisema, "Yaya, ni miye..." Akanitazama. Nikasema, "...miye njo niko naangalia. Nimeisha kuwapandisha cheo, bote batatu banakuwa bakurugenzi."

Alicheka. Kucheka kukamuumiza, akafunga macho, na mama akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia hata nilipomwaga sombe yote ya wiki.

Siku ya tisa alikufa. Wamotari walimsindikiza makaburini wakisukuma pikipiki kwa mikono, injini zimezimwa, safu ndefu inayopanda mlima kimya. Baadhi walisema ni heshima. Baadhi hawakuwa na kitu ndani ya tanki. Padri alisema maneno mazuri juu ya moto na roho, na mimi nilitoka nje ya ukuta nikakaa huko.

Baada ya mazishi Papa Mbusa alikuja nyumbani kwetu. Alivua kofia. Koti hapana.

"Ile nafasi ya Masika iko. Aliisha lipa, siwezi kuiuza. Mutu moja wa kwake aende kule, aambie mama ya Masika. Miye peke yangu siwezi."

Mama yangu aliniangalia. "Ataenda huyu."

Kwa hiyo nilikwenda Luofu juu ya magunia ya chumvi, karibu na kabini, siku mbili kwa sababu ya matope. Siku tuliyoondoka Butembo, chupa ilikuwa imerudi bei ya mayai mawili, wazi, ndani ya bidoni za manjano. Matajiri walikuwa wamechoka kungoja Kasindi, camion zao ziliingia zote wiki moja, na amri ikapata sifa. Leo imepanda tena, mnajua wenyewe. Lakini siku zile ilikuwa imeshuka, na kila tulipopita watu walikuwa wanapikia wageni.

Kabla ya kufika, Papa Mbusa alisimamisha camion ili injini ipoe, akaniita chini.

"Nikuambie kitu, usishangae. Ule mutoto anauliza kila camion yenye inapita. Koko yake, mama ya Masika, alimwambia mama atakuja kumuchukua siku mafuta itashuka. Donc anauliza bei. Sio salamu, sio bonbon. Bei."

Wadogo zangu, mashauri ya mzee sasa, halafu ninamaliza. Nuseni kila bidoni kila asubuhi, hata mkiwa mmenusa jana. Wekeni alama, hata kama askari ataiona. Atawachapa, mtapona. Rangi ya bidoni msiibadilishe kwa amri ya mtu yeyote, wala kwa mzaha wa mtu yeyote, hasa yule anayependwa na wote. Na mkiwa na neno kooni, litoeni.

Pale Luofu koko alikuwa shambani. Mtoto peke yake ndiye aliyekuja barabarani, miguu mitupu, kichwa kimenyolewa, mwembamba kama ufito. Alisimama mbele ya camion bila kuogopa, kama anavyosimama mtu wa kazi.

"Papa Mbusa, mafuta ni bei gani leo?"

Papa Mbusa aligeuka akanitazama mimi. Nilishuka kutoka kwenye chumvi. Nilitafuta kitu kingine chochote cha kusema.

"Imeshuka," nikasema.

Kavira alinitazama kidogo. Kisha akakimbia ndani kutafuta sweta yake ya safari.